Msimu wa Nane Ulivyofika Lyulilo

Vita vikubwa kuliko vyote katika tamthilia ya Game of Thrones havikuonekana Lyulilo. Vilisikika. Picha ilikuwepo, lakini ndani ya kibanda cha mabati saa tisa alasiri, jua likipenya kwenye kila tundu la msumari, sehemu ile iitwayo The Long Night ilikuwa kioo cheusi chenye cheche mbili tatu zinazokimbia. Watu wamebanana kwenye mabenchi, wanatazama giza. Juu ya giza hilo inapita sauti ya mtu mmoja, Mtanzania, aliyekuwa mbali sana na ziwa letu siku alipoirekodi: wapanda farasi wale wamewashiwa moto kwenye panga zao, sasa wanakwenda, wanakwenda, haya hesabu taa zinavyozimika, moja, nyingine, ile ya mwisho nayo hiyo; basi, jeshi zima limekwisha na adui hata sura yake hatujaiona.

Kwingineko duniani giza lile lilizua ugomvi. Sehemu hiyo ilirushwa tarehe 28 Aprili 2019, ina dakika 82, na picha zake za nje zilichukua usiku 55 huko Ireland ya Kaskazini chini ya mwongozaji Miguel Sapochnik. Watu wenye televisheni za bei mbaya walilalamika kwamba hawakuona kitu. Mpiga picha, Fabian Wagner, akajibu kuwa tatizo kubwa ni watazamaji wasiojua kurekebisha televisheni zao. Kwenye kibanda hakuna aliyedai kuona. Kulikuwa na mtu wa kuona kwa niaba yao, na huyo ndiye ninayetaka kumsema hapa bila haraka, kwa sababu miaka yote hii msimu wa nane unajadiliwa kwa hasira na sijasikia mtu akimtaja yeye.

Lyulilo iko karibu na mwisho wa barabara. Ukitoka Kyela mjini unapita Ipinda mpaka Matema, na kutoka Matema unafuata ufukwe kwa miguu huku Milima ya Livingstone ikikusogelea mpaka inakaribia kukutumbukiza ziwani. Siku yake ni Jumamosi. Wanawake wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na wachuuzi huja kuvichukua kuvipeleka Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Penye watu wengi hivyo hapakosi mwenye televisheni, jenereta na mabenchi, anayetoza kiingilio kidogo mlangoni. Mchuuzi amemaliza kufunga vyungu vyake, gari halijajaa, jua ni kali. Afanye nini? Anaingia kibanda umiza.

Msimu wa nane, ambao ndio wa mwisho, ulianza kurushwa Marekani usiku wa Jumapili tarehe 14 Aprili 2019, yaani kwetu Jumatatu saa kumi alfajiri. Wenye ving'amuzi mijini waliamka kabla ya adhana kuutazama. Huku ulifika kwa fleshi, baada ya kupakuliwa, kutafsiriwa, kuuzwa na kunakiliwa mkono kwa mkono, na ulipofika ulikuta sifa zake zimeshatangulia. Vijana wenye simu walikuwa wamekwisha kusoma kwenye makundi ya WhatsApp kwamba mwisho ni mbovu. Kwa hiyo hapa mambo yalikwenda kinyume: watu walianza kuchukia, ndipo wakatazama. Fikiria kazi ya msimuliaji anayekutana na hadhira ya namna hiyo.

Malalamiko yenyewe yanajulikana na sitayarudia yote. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi, wa saba ukapewa saba, wa mwisho sita, jumla 73. Mambo yaliyokuwa yakitembea yakaanza kuruka. Watu waliokuwa wakisafiri msimu mzima kutoka mji hadi mji sasa wanafika kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwenye sehemu ya nne kikombe cha kahawa cha kisasa kilisahaulika mezani mbele ya malkia, dunia ikacheka. Watu zaidi ya milioni 1.5 wakaweka sahihi kwenye ombi la kutaka msimu mzima utengenezwe upya na waandishi wenye uwezo. Pamoja na hayo, sehemu ya mwisho, ya tarehe 19 Mei, ilitazamwa na watu milioni 19.3 Marekani usiku ule ule, na Septemba sizoni ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Waliotukana walikuwa wale wale waliokesha.

Sasa turudi kwa mwenye maiki. Tanzania tunamwita mtafsiri, au DJ, ingawa disko haimhusu. Anachukua filamu ya Kimarekani, ya Kihindi, ya Kikorea au ya Kichina, anapunguza sauti yake ya asili, anaisimulia yote kwa Kiswahili kwa pumzi yake peke yake. Mfalme ni yeye, malkia ni yeye, mtoto anayelia ni yeye. Mtu akienda kujaziwa muvi kwenye fleshi mara nyingi haulizi nani kaigiza, anauliza nani katafsiri. Hapa kwetu DJ Mack amekuwa jina kubwa. Wakenya wana DJ Afro wao, na Waganda wana VJ Jingo na wenzake wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa Kiganda. Kisheria kazi hii imekaa vibaya, tusidanganyane: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimruhusu mtu kuchukua kazi ya mwenzake, kuitafsiri na kuiuza bila idhini, na HBO, kituo chenye sizoni hii, haijawahi kuona senti ya kiingilio cha Lyulilo. Ninaisifu kazi ya mikono yao. Biashara ni kesi nyingine.

Ukoo wa kazi hii ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za mafunzo wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, makao yake Vugiri huko Usambara, uliotengeneza filamu fupi za kilimo, afya na posta, kisha ukazizungusha kwa lori kutoka koloni moja hadi jingine. Maelezo yalitoka kwenye sahani za santuri na kwenye kipaza sauti, kwa lugha ya watu waliokusanyika. Filamu hizo hazikuwa na utamu wowote, kwa maoni yangu, lakini ndipo Mtanganyika alipozoea kwamba picha inaweza kutoka kwa mzungu na sauti ikatoka kwa mtu wa karibu. Miongo kadhaa baadaye, zama za kanda za video, Dar es Salaam ikamzaa Lufufu, jina lake halisi Derek Gasper Mukandala, aliyesimulia filamu ana kwa ana mabandani kabla ya kuanza kurekodi sauti yake kwenye kanda zilizosambaa nchi nzima. Wengi waliokuja baada yake, hata wasiojua jina lake, wanazungumza kwa mwendo alioufungua yeye.

Wajapani nao walikuwa na watu hawa. Waliitwa benshi, walisimama kando ya pazia enzi za filamu bubu na kuzisema, na walipendwa kiasi kwamba mabango yaliandika majina yao kwa herufi kubwa. Filamu zilipoanza kuongea, miaka ya 1930, kazi yao ikafa. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, aliyeitwa Heigo, alikuwa mmoja wao, na alijiua mwaka 1933. Kwetu imekuwa tofauti kabisa. Msimuliaji wetu hakuja kujaza ukimya, alikuja juu ya filamu inayoongea tayari, tena inayoongea sana, na kuinyang'anya neno. Benshi aliuawa na sauti, huyu anaila.

Unamjua fundi kwa vitu ambavyo hafanyi. Hafuati kila neno. Tyrion Lannister akimwaga maneno arobaini ya mzaha, yeye hutoa sita, na watu hucheka pale pale wanapotakiwa kucheka. Hapigani na picha: panga zikigongana ananyamaza, chuma kiseme. Mwishoni mwa msimu wa sita, Juni 2016, Cersei alipolipua hekalu na maadui zake wote ndani, mtunzi wa muziki Ramin Djawadi aliianzisha piano peke yake, taratibu, ala ambayo sizoni ilikuwa imeikwepa miaka yote. Mtafsiri mchanga angeijaza piano ile maneno kwa hofu kwamba akinyamaza watu watadhani spika imeharibika. Aliyeiva huiacha ipande. Anakuja na sentensi moja tu kabla ya mlipuko, kwa sauti ya chini, halafu anarudi nyuma.

Hajifanyi mwanamke anaposema maneno ya mwanamke. Walio wachanga hubana pua na kupandisha koo, na kila malkia anakuwa kichekesho. Fundi hubadilisha kasi badala ya sauti: Cersei anaongea polepole na kumalizia maneno yake yote, Arya anakata sentensi kabla haijaisha, na baada ya dakika kumi huhitaji kutazama kioo kujua nani anasema. Hii ni akili ya kisikio ambayo haifundishwi chuo chochote ninachokijua.

Halafu kuna wachelewaji. Kibanda si ukumbi wa sinema. Mama ameitwa na mteja wake sokoni, kijana ametoka kwenda kutazama mtumbwi, mtoto ametumwa chumvi. Wakirudi lazima wajue tulipofika, na waliobaki hawataki kurudishwa nyuma. Basi fundi hutupa kumbukumbu katikati ya mwendo bila kuusimamisha: huyu ndiye yule aliyemsukuma mtoto dirishani, mnamkumbuka. Kwa maneno saba Jaime Lannister anarudi na dhambi yake ya sehemu ya kwanza kabisa, Aprili 2011, hata kwa mtu aliyeanza kutazama leo. Majina marefu nayo hupatiwa dawa. Daenerys Targaryen, mwenye vyeo vinavyomchosha hata mpambe anayevitangaza, ni Mama wa Majoka, basi. Bran ni yule kilema anayeona. Jon Snow alibaki Jon bila marekebisho, maana kila kijiji cha Kyela kina John wake.

Yote hayo ni mapambo ukilinganisha na kazi yake halisi, ambayo ni sababu. Mtazamaji wa kibanda haulizi nini kimetokea. Kimetokea mbele ya macho yake. Anauliza kwa nini. Kwa nini kamwua? Kwa nini hakumwambia? Kwa nini anarudi kule kule alikotoroka? Msimuliaji anayejua kazi hulijibu swali likiwa bado kifuani mwa mwulizaji, kwa maneno machache, na jibu lake lazima liwe limetoka ndani ya hadithi yenyewe. Akizua, kibanda kitamjua sehemu ya tatu mbele, mambo yatakapogongana.

Chukua kifo cha Ned Stark. Sheria ya kibanda ni moja: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho wa muvi anasimama. Ned alikuwa steringi kwa kila kipimo, na katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, tarehe 12 Juni 2011, alikatwa kichwa hadharani. Mtu angeweza kudai kiingilio chake. Ila sababu zilikuwa zimepangwa zote. Ned alikwenda mwenyewe kumwonya Cersei kwamba anaijua siri yake. Alimwamini Littlefinger, aliyemwambia kwa mdomo wake kwamba asimwamini. Renly alipomshauri awakamate watoto wa mfalme usiku ule ule, alikataa kuwatisha watoto. Kila tendo lilikuwa la mtu mwema, na kila moja lilimsogeza hatua moja kwenye upanga. Msimuliaji akizitaja sababu hizo kwa utaratibu wake, yule mwenye hasira anakaa chini. Bado amekasirika, lakini ameelewa. Nadhani hapo ndipo sizoni hii ilipowashika watu: iliivunja sheria ya steringi na ikalipa gharama za kuivunja.

Miaka minane baadaye, tarehe 12 Mei 2019, ikaja The Bells. Mji umesalimu amri, kengele zimelia, na Mama wa Majoka, juu ya mgongo wa Drogon, anauchoma mji mzima na watu wake. Walioandika kwamba jambo hili lilitoka hewani hawakutazama vizuri, nasema wazi. Mwaka 2012 alionyeshwa kwenye njozi ukumbi wa enzi ukiwa hauna paa, vumbi jeupe likianguka, theluji au majivu. Mwaka 2014 aliwasulubisha mabwana 163 wa Meereen. Mwaka 2017 aliwachoma Randyll Tarly na mwanawe kwa kukataa kupiga magoti. Mbegu zilikuwepo. Kilichokosekana ni muda wa kuziona zikimea. Ndani ya sehemu chache anampoteza Jorah, joka lake Rhaegal linatunguliwa, rafiki yake Missandei anakatwa kichwa mbele yake, Varys anamsaliti, Jon anajivuta. Kila pigo moja lilistahili sehemu yake, na yote yamepewa dakika. Kisha kamera inakaa sekunde kadhaa usoni kwa Emilia Clarke, kengele zinalia, uso unabadilika. Baada ya hapo hatuuoni tena uso wake sehemu ile yote. Tunaliona joka tu.

Katika nakala niliyoitazama Lyulilo, msimuliaji alizitumia sekunde zile kutaja wafu. Hakueleza hasira, wala hakusema kichaa kimempanda, kama walivyosema wengi. Alisema tu: Jorah hayupo. Joka lake moja liligeuzwa barafu, la pili limezama baharini. Rafiki yake wamemkata hapo hapo kwenye ukuta anaoutazama. Kengele ilipolia tena akanyamaza, na joka likaruka. Hakuongeza kitu ambacho waandishi hawakukiweka. Alikusanya walivyovitawanya, akaviweka mahali pamoja kwa wakati unaotakiwa. Kibanda kilikuwa kimya, watu wale wale waliokuja wamejiandaa kuzomea. Ufundi huo niliuheshimu kuliko moto wote ule, uliogharimu mamilioni ya dola.

Nje, hatua chache tu, vyungu vya Ikombe vilikuwa vimepangwa mchangani. Mnunuzi anayejua hukigonga chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Wafinyanzi hawakipeleki motoni siku walipokifinyanga. Hukiacha kikauke polepole, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yakikutana na moto hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Misimu miwili ya mwisho ya Game of Thrones ilipelekwa motoni ikiwa na maji yake. Na si kwamba muda ulikosekana. HBO ilikuwa tayari kuwapa David Benioff na D. B. Weiss nafasi zaidi. Wenyewe walitaka kumaliza. Mwisho waliujua, maana George R. R. Martin aliwaeleza nguzo zake kuu miaka kadhaa kabla. Kitabu chake cha tano kilitoka Julai 2011, msomaji angali anakisubiri cha sita, na kufikia msimu wa sita sizoni ilikuwa imevipita vitabu. Walibaki na nguzo bila kuta, na wakaamua kuezeka haraka.

Wasimuliaji wa ngano za pwani walikuwa na desturi ya kufunga kwa kugawana matokeo: hadithi ikiwa njema, wema wake ni wa wote waliosikiliza, ikiwa mbaya, ubaya ni wa msimuliaji peke yake. Benioff na Weiss walinyamaza. Mwenye maiki hana nafasi ya kunyamaza. Sauti inayosikika kibandani ni yake, kwa hiyo matusi ya Lyulilo yalimwelekea yeye, ambaye hakuandika hata neno moja la hadithi ile na hakuwepo kujitetea. Kijana mmoja alimfokea spika. Mwenye kibanda akamwambia aliache spika lake, halijafanya kosa.

Jon alipomchoma Daenerys kisu, msimuliaji alisema machache. Halafu likaja lile la kiti. Drogon anamkuta mama yake amelala, ananguruma, na badala ya kumchoma Jon anakigeukia kiti cha enzi, kile kilichofuliwa kwa panga, anakiyeyusha mpaka kinakuwa uji wa chuma. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walibishana sana kama joka lina akili kiasi hicho. Msimuliaji wetu hakubishana. Alisema joka linajua kwamba kilichomuua mama yake si kile kisu. Kibanda kizima kikaitikia. Baadaye muswada wa sehemu hiyo ulipotoka, ulionyesha kwamba waandishi walikichukulia kiti kile kama kitu kilichokuwa njiani tu, moto ukakipitia. Kwa maneno mengine, mtu aliyekaa na maiki na kompyuta, pengine usiku mmoja, alipata sababu nzuri kuliko wenye hadithi. Sijui niite nini hali hiyo zaidi ya kuona vizuri.

Lakini kilichonifanya nimwamini kabisa kilikuja dakika chache mbele. Wakuu wamekaa kwenye kivuli kuchagua mfalme, na Tyrion, mfungwa, anasimama kuwashawishi kwamba Bran ndiye anayefaa, kwa kuwa hakuna mwenye hadithi nzuri kuliko yake. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya dagaa miguuni akauliza kwa sauti, wala hakuuliza kwa mzaha, huyu mtoto amefanya nini muda wote huu? Nilimsubiri msimuliaji. Kwa Daenerys alikuwa na wafu wa kuwataja. Kwa joka alikuwa na kiti. Hapa angeweza kubuni. Angeweza kusema kilema huyu anaona ya nyuma na ya mbele, basi atatawala kwa haki, na watu wangekubali ili waende nyumbani. Alitafsiri maneno ya Tyrion kama yalivyo, yote, tofauti na desturi yake ya kupunguza, na alipomaliza akaongeza kwamba hilo ndilo walilosema wao, yeye amelifikisha. Akaendelea.

Yule mama akatikisa kichwa. Jibu hakulipata, ila alijua sasa ni nani hana jibu. Sifahamu mhakiki aliyelionyesha pengo la msimu ule kwa unyoofu zaidi: pale palipokuwa na sababu alizikusanya, pale palipokuwa na nafasi ya sababu aliitafuta, na pale pasipokuwa na kitu aliacha pabaki hivyo hivyo, watu wapaone. Wapo wenzake ambao wangepaka rangi. Nimewasikia. Muvi mbovu kwao inakuwa nzuri kwa saa mbili, na ukitoka nje huikumbuki.

Walioapa kwamba hawataitazama tena familia ile ya majoka walikaa miaka mitatu. Tarehe 21 Agosti 2022 HBO ikaanza kurusha House of the Dragon, hadithi inayoanza miaka 172 kabla Daenerys hajazaliwa, na baada ya muda fleshi ikapita Ipinda, ikapita Matema. Kwa mtafsiri hii ni adhabu ya aina nyingine. Majoka sasa si matatu, na watu wanaitana majina yale yale: Rhaenyra, Rhaenys, Rhaena, Aemma, Aemond, Aegon huyu, Aegon yule, na Aegon marehemu anayetajwa kila mara. Kwa Kiingereza maandishi yanaweza kumsaidia mtazamaji. Kwa sikio, ndani ya mngurumo wa jenereta, ni fujo tupu. Msimuliaji alipitisha sehemu nzima ya kwanza akiwagawia majina ya kazi: binti wa mfalme, shangazi aliyenyimwa kiti, mzee wa meli. Watoto walipozaliwa akawapa alama kabla hawajatambaa. Mmoja alipotobolewa jicho, nilimsikia akishusha pumzi kwenye maiki, karibu kwa furaha, na kuanzia hapo Aemond akawa Chongo, na hakuna mtu Lyulilo aliyempoteza tena.